Kurasa na Jozi za Kurasa katika Programu za Kupangia Vitabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaopanga vitabu, majarida ya shule, katalogi za maduka na vijitabu vya hafla hapa Mombasa kwa kutumia InDesign, Affinity Publisher au Scribus. Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya programu chanzo chake ni kuchanganya vitu vitatu. Kuna ukurasa, ambao mpangaji huushughulikia mmoja mmoja. Kuna jozi, yaani kurasa mbili ambazo msomaji huziona pamoja anapofungua kitabu. Na kuna karatasi ya mpiga chapa, ambayo mara nyingi huweka ubavu kwa ubavu kurasa zisizofuatana. Karibu kila swali lililo hapa chini linarudi kwenye tofauti hiyo.

Kwa nini ukurasa wa kwanza unakaa peke yake upande wa kulia?

Kwa sababu ndivyo kitabu kilivyo. Katika kitabu kinachosomwa kuanzia kushoto, kurasa za namba witiri hukaa kulia na za namba shufwa hukaa kushoto, na ukurasa wa 1 hauna mwenzake kwa kuwa upande wake wa kushoto ni ndani ya jalada, ambalo kwa kawaida huandaliwa katika faili lake lenyewe. Jozi ya kwanza kamili ni ya ukurasa wa 2 na wa 3. Usijaribu kuurekebisha mpangilio huo kwa kuusukuma ukurasa wa 1 kushoto, maana pambizo zote za ndani na za nje zitageuka.

Ukiona kurasa zimepangwa moja chini ya nyingine bila wenza, hati ilifunguliwa bila kuchagua kurasa zinazotazamana. Katika InDesign chaguo hilo huitwa “Facing Pages” na limo katika mipangilio ya hati. Katika Scribus ni aina ya mpangilio inayoitwa “Double Sided”. Bango, kadi ya mwaliko au faili la PDF litakalosomwa kwenye simu halihitaji jozi.

Niamue nini kabla ya kufungua hati mpya?

Amua ukubwa wa ukurasa, upande wa mgongo, namna kitabu kitakavyofungwa, na idadi ya kurasa kwa makadirio. Vijitabu vingi huwa vya A5, yaani milimita 148 kwa 210, kwa sababu karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za kipimo hicho bila kupoteza chochote. Weka pia blidi, ile sehemu ya rangi au picha inayopita mpaka wa kukatia ili kisu kikiyumba kidogo pasibaki mstari mweupe. Milimita 3 kila upande ndicho kipimo cha kawaida.

Pambizo ya ndani ndiyo inayosahaulika zaidi. Kijitabu cha pini hufunguka karibu chote, kwa hiyo pambizo ya ndani inaweza kuwa ndogo. Kitabu kilichobandikwa gundi mgongoni hakifunguki hivyo, na maneno yaliyo karibu na mgongo humezwa. Mpe msomaji nafasi zaidi hapo kadiri kitabu kinavyozidi kuwa kinene. Kumwuliza mpiga chapa jambo hili kabla ya kumimina matini ni kazi ya dakika chache, ilhali kubadilisha pambizo baada ya kupanga kurasa 200 husogeza kila mstari na kuharibu faharasa yote.

Mpiga chapa amesema kurasa 30 hazifai, ziwe 28 au 32. Kwa nini?

Karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne: mbili mbele na mbili nyuma. Hakuna namna ya kupata kurasa mbili za ziada katika kijitabu cha pini bila kuongeza karatasi nzima, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne. Vitabu vinene vinavyoshonwa kwa uzi hukunjwa kwa mafungu makubwa zaidi, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na hapo mpiga chapa anaweza kukuomba ukamilishe fungu la mwisho.

Inafaa kuelewa karatasi yenyewe inavyobeba kurasa, kwa sababu jambo hili linaeleza mengi yanayofuata. Chukua kijitabu cha kurasa 32. Karatasi ya nje kabisa ina ukurasa wa 32 na wa 1 upande mmoja, kisha wa 2 na wa 31 upande wa pili. Karatasi inayofuata ina wa 30 na wa 3, halafu wa 4 na wa 29. Kila mara kurasa mbili zinazolala ubavu kwa ubavu kwenye karatasi hujumlishwa kuwa 33, yaani idadi ya kurasa ukiongeza moja. Jozi pekee ya msomaji ambayo pia ni kipande kimoja cha karatasi ni ile ya katikati, ukurasa wa 16 na wa 17. Jozi nyingine zote unazoziona kwenye skrini zimeungwa na karatasi mbili tofauti, zilizochapwa kwa nyakati tofauti na kukunjwa kwa mikono au mashine ambayo haiwezi kulingana kwa asilimia mia.

Kurasa mbili zinazokosekana zisijazwe kwa haraka. Ukurasa mtupu baada ya jina la kitabu, au ukurasa wa shukrani uliopewa nafasi yake, ni bora kuliko picha iliyotafutwa dakika ya mwisho.

Je, naweza kutandaza picha moja kwenye kurasa mbili?

Unaweza, ukichagua picha kwa kufikiria mgongo utapita wapi. Picha ya ukuta wa Ngome ya Yesu iliyopigwa kutoka baharini hustahimili mgongo vizuri, kwani jiwe likipotea milimita mbili hakuna atakayeliona. Picha ya bibi harusi aliyekaa katikati haistahimili, maana uso wake utaingia kwenye mkunjo.

Wenye maduka ya Biashara Street wanaotengeneza katalogi za kanga hukutana na tatizo hili kwa ukali zaidi. Kanga ni pana kuliko urefu wake, kwa hiyo inavutia kuitandaza kwenye jozi nzima. Lakini mji wake uko katikati hasa, na jina lililoandikwa chini ya mji hukatwa na mgongo mahali palepale ambapo mnunuzi anataka kusoma. Maoni yangu ni kwamba kanga ionyeshwe nzima kwenye ukurasa mmoja, hata kama itakuwa ndogo, na ukurasa unaotazamana nao uonyeshe pindo kwa karibu pamoja na jina kwa ukamilifu. Ukilazimika kuitandaza, ipeleke kwenye jozi ya katikati ya kijitabu cha pini, ambako karatasi ni moja.

Usitandaze kichwa cha habari chenye herufi ndogo, wala jedwali, kwenye kurasa mbili. Herufi kubwa zinaweza kupita mgongoni iwapo pengo kati ya maneno mawili litaangukia pale pale kwenye mkunjo.

Ukurasa mama ni nini, na niutumieje?

Ukurasa mama ni kiolezo kinachobeba vitu vinavyojirudia: namba ya ukurasa, jina la sura juu ya ukurasa, mistari ya mapambo, fremu ya matini. Ukiubadilisha, kurasa zote zinazoufuata hubadilika. Katika InDesign uliitwa “Master” kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2021 unaitwa “Parent”; anayefuata mafunzo ya zamani ajue kwamba ni kitu kilekile. Scribus na Affinity Publisher bado hutumia jina la zamani.

Katika hati yenye jozi, ukurasa mama nao una pande mbili, na kosa la kawaida ni kuandaa upande mmoja tu. Namba ikiwekwa kwenye kona ya nje ya upande wa kulia, lazima iwekwe pia kwenye kona ya nje ya upande wa kushoto, ama sivyo kurasa zote za shufwa zitakosa namba. Scribus huhitaji kurasa mama mbili zinazojitegemea, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia.

Tengeneza kurasa mama chache zenye uhusiano kati yao. Mmoja uwe msingi wenye pambizo na namba. Wa pili ujengwe juu ya msingi huo kwa ajili ya mwanzo wa sura. Wa tatu uwe mtupu kabisa kwa kurasa za mwanzo na zilizoachwa wazi. InDesign huruhusu ukurasa mama kurithi kutoka kwa mwingine, na urithi huo unaokoa saa nyingi mteja anapoomba namba ihamishwe kutoka kona hadi katikati.

Vitu vya ukurasa mama havishikiki kwenye ukurasa wa kawaida. Katika InDesign, bonyeza kitu huku umeshika Ctrl na Shift, au Command na Shift kwenye Mac, nacho kitaachiliwa kwa ukurasa huo peke yake. Fanya hivyo kwa uchache. Kitu kilichoachiliwa huacha kufuata mabadiliko ya sifa uliyoigusa: ukikisogeza, hakitahama tena ukurasa mama utakapohamishwa, ingawa rangi yake bado inaweza kufuata. Hati yenye vitu mia vilivyoachiliwa haina tofauti na hati isiyo na ukurasa mama.

Nimeongeza ukurasa mmoja katikati na kila kitu kimehama upande. Nifanyeje?

Ukiongeza ukurasa mmoja, kila ukurasa unaofuata hubadilisha upande: uliokuwa kulia huenda kushoto na kinyume chake. Jozi zote zilizopangwa kwa uangalifu huvunjika, na kurasa mbili zilizobeba picha iliyotandazwa huishia kwenye jozi tofauti. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuongeza na kufuta kurasa kwa jozi, kurasa mbili mbili.

Pale ambapo jozi fulani isivunjwe kwa hali yoyote, kama ramani au picha ya katikati, InDesign inakuwezesha kuichagua kwenye kidirisha cha kurasa na kuondoa alama ya “Allow Selected Spread to Shuffle” kwenye menyu ya kidirisha hicho. Jozi hiyo itabaki pamoja hata kurasa nyingine zikihama. Chaguo linalofanana nalo, linalohusu hati nzima, hutumika unapotaka kuunganisha zaidi ya kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Mkusanyiko mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na kurasa hadi 10.

Kuhamisha ukurasa kutoka hati moja kwenda nyingine kunahitaji hadhari yake. Ikiwa hati zote mbili zina ukurasa mama wenye jina moja, ukurasa uliohamishwa utafuata ukurasa mama wa hati unakokwenda, si wa kule ulikotoka. Badilisha jina kwanza kama hutaki hivyo.

Namba za Kirumi za mwanzo na namba za kawaida za sura zinapangwaje katika hati moja?

Kwa kugawanya hati katika sehemu. Kurasa za mwanzo, yaani jina la kitabu, yaliyomo, shukrani na dibaji, hupewa namba za Kirumi ndogo, na sura ya kwanza huanza na 1. Kwenye ukurasa mama unaweka alama ya namba mara moja tu, na kila sehemu huamua mtindo wake na namba ya kuanzia. Katika InDesign alama hiyo huingizwa kwa Ctrl, Alt, Shift na N kwa pamoja.

Kuna mtego hapa ambao umeharibu vitabu vingi. Tuseme kurasa za mwanzo ni saba, i hadi vii. Ukurasa wa vii uko kulia, na unaofuata ungekuwa kushoto. Ukiuamuru uwe wa 1, InDesign itauhamishia kulia, kwa kuwa 1 ni witiri, na upande wa kushoto itabaki nafasi tupu. Kwenye skrini yote yanaonekana sawa. Lakini nafasi hiyo si ukurasa: PDF ikitolewa haimo, na mpiga chapa atauweka ukurasa wa 1 nyuma ya vii, kushoto, kisha kitabu kizima kitafuata upande usio wake. Hesabu kurasa za mwanzo ziwe shufwa kila wakati. Zikiwa saba, ongeza ukurasa wa viii na uuache mtupu.

Ukitaka kuchapa ukurasa wa tatu wa hati yenye sehemu mbili, programu inaweza kushindwa kujua ni iii au 3. Katika InDesign andika +3, nayo itahesabu kutoka mwanzo wa hati.

Kitabu changu ni cha herufi za Kiarabu. Jozi zinageukaje?

Mgongo huhamia kulia, ukurasa wa 1 hukaa kushoto, na katika kila jozi namba shufwa iko kulia na witiri iko kushoto. Pwani yetu ina hazina ya tenzi na nyiradi zilizoandikwa kwa herufi hizo, na vitabu vya madrasa vinaendelea kutengenezwa kila mwaka, kwa hiyo jambo hili linastahili kufanywa sawasawa.

InDesign huonyesha chaguo la upande wa mgongo ikiwa imewekwa kwa lugha inayokubali Kiarabu. Chagua kulia kwenda kushoto wakati wa kufungua hati, si baada ya kazi kwisha. Programu yako ikikosa chaguo hilo, unaweza kuiambia kwamba ukurasa wa kwanza ni wa kushoto. Pambizo za ndani na za nje zitakuwa sahihi, ila skrini itakuonyesha 1 na 2 pamoja, ilhali msomaji ataona 2 na 3 pamoja. Usitandaze picha yoyote katika hati ya namna hiyo, na mwandikie mpiga chapa waziwazi kwamba kitabu kinafungwa kulia.

Kitabu cha lugha mbili huleta swali gumu zaidi, na nina msimamo juu yake. Kiarabu kikiwa ndicho matini na Kiswahili ni tafsiri, fuata mgongo wa Kiarabu, kisha uweke Kiarabu kwenye ukurasa wa kulia wa kila jozi na Kiswahili upande wa kushoto, ili jicho lianze pale Kiarabu kinapoanzia. Tengeneza fremu mbili za matini zisizoungana kwenye ukurasa mama, moja ya kila lugha, kila moja ikimwagikia fremu ya upande uleule kwenye jozi inayofuata. Matini ikiungana kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya jozi, lugha hizo mbili zitachanganyika kwenye jozi ya kwanza tu.

Nizuieje beti za shairi zisikatwe kati ya kurasa?

Kwa kuupima ukurasa kwa ubeti. Ubeti wa mishororo minne pamoja na mstari mmoja wa nafasi huchukua mistari mitano. Beti sita huchukua mistari 29, kwa kuwa ubeti wa mwisho hauhitaji nafasi chini yake. Ukitumia nafasi ya pointi 14 kati ya mistari, fremu itakuwa na urefu wa pointi 406, takriban milimita 143, nayo hukaa vizuri kwenye A5 na kubakiza milimita 67 za kugawanya juu na chini. Fremu hiyo ikiwekwa kwenye ukurasa mama, kila ukurasa hupokea beti sita kamili na kila jozi beti kumi na mbili, zikiwa sambamba kushoto na kulia.

Washa pia gridi ya mistari ya msingi, ili mishororo ya kurasa mbili zinazotazamana ikae kwenye mstari mmoja. Kwa shairi lenye mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, weka kituo cha tabo katikati ya fremu ili vina vya kati vipangane wima. Usitumie nafasi za kibodi, kwani herufi hazina upana sawa. Kichwa kirefu kikichukua nafasi ya ubeti mmoja, acha ukurasa huo uwe na beti tano. Kupunguza ukubwa wa herufi kwenye ukurasa mmoja ili ubeti uingie huonekana mara moja, kwa kuwa mwenzake uko pembeni yake.

Kipeperushi cha A4 kilichokunjwa mara mbili kinahesabiwa kuwa kurasa ngapi?

Vipande sita, vitatu kila upande, na havilingani. Kipande kinachokunjwa kwenda ndani lazima kiwe chembamba kidogo, la sivyo karatasi hujikunja ukingoni. Gawanya milimita 297 ziwe 97, 100 na 100. Upande wa nje, kutoka kushoto, ni 97, 100, 100, na mbele ya kipeperushi ni kile cha kulia. Upande wa ndani ni 100, 100, 97. InDesign huruhusu kurasa za upana tofauti katika hati moja. Kwingine, tumia ukurasa mzima wa A4 ulazwe na uweke mistari ya mwongozo.

Nimtumie mpiga chapa kurasa moja moja au jozi?

Moja moja, kwa mfuatano wa kusoma, pamoja na blidi. Yeye ndiye atakayezipanga kwenye karatasi kwa programu yake, na ukimpa jozi zilizoshikana itabidi azikate upya. Jozi katika PDF zinafaa kwa mteja anayekagua kazi, na faili hilo liitwe kwa jina linaloonyesha kuwa ni la kukagua.

Jalada la kitabu cha gundi ni jambo tofauti: hutumwa kama karatasi moja yenye nyuma, mgongo na mbele. Upana wa mgongo ni idadi ya karatasi mara unene wa karatasi moja. Kitabu cha kurasa 160 kina karatasi 80. Zikiwa na unene wa milimita 0.1, mgongo ni milimita 8. Mwombe mpiga chapa unene wa karatasi atakayoitumia, na usifunge hesabu hiyo kabla idadi ya kurasa haijathibitishwa.

Kitabu changu kina sura nyingi na kompyuta imekuwa nzito. Nikigawanye?

Ndiyo, kila sura katika faili lake. InDesign na Affinity Publisher 2 zina faili la kitabu linaloziunganisha sura na kuendeleza namba za kurasa. Hakikisha kila sura inaanza kulia kwa kuiagiza programu iendelee kwenye ukurasa witiri unaofuata na kuingiza ukurasa mtupu inapohitajika. Pasipo faili la kitabu, andika mwenyewe namba ya kuanzia ya kila sura, na uikague upya kila sura iliyotangulia inapoongezeka au kupungua kurasa.